Neno moja la Kithai: herufi saba au nane?

Swali: Shikamoo mwalimu. Natunza kumbukumbu za duka la vito hapa Arusha. Tuna wanunuzi wa Bangkok na Chanthaburi, nao hututumia orodha zao kwa Kithai. Mimi Kithai sijui, nanakili na kubandika tu. Kwenye jedwali letu la Excel neno น้ำหนัก (uzito) limejaa tele, lakini mfumo wetu wa stoo ukilitafuta, baadhi ya mistari haitokei. Nikapima kwa LEN: mstari mmoja unasema herufi 7, mwingine 8. Nikadhani ni nafasi iliyojificha, nikatumia TRIM, wapi. Neno ทองคำ (dhahabu) nalo lina 5 hapa na 6 pale. Nimekuza skrini mpaka mwisho, tofauti siioni. Kosa ni langu, la mteja au la kompyuta? Nimwambie mteja abadilishe kibodi?

Jibu: Marahaba. Kibodi ya mteja iache ilivyo, haina kosa. TRIM nayo usiilaumu, kazi yake ni kuondoa nafasi, na hapo hakuna nafasi iliyozidi. Anayekusumbua ni herufi moja tu, ำ, ambayo Wathai huiita sara am. Maneno yako yote mawili yanayo. Herufi hiyo inaweza kuhifadhiwa kwa namba moja au kwa namba mbili, na kwenye skrini ikaonekana ile ile. Wewe unasoma picha, mfumo wa stoo unasoma namba, ndiyo maana hamuelewani.

Kwa kuwa Kithai hujui, tuanze na umbo lake. Vokali za Kithai hazikai zote mahali pamoja: nyingine hupanda juu ya konsonanti, nyingine hushuka chini yake, nyingine husimama kushoto au kulia. Sara am imegawanyika. Ina kiduara kidogo kinachokaa juu ya konsonanti iliyotangulia, na ina mguu unaosimama kulia. Inasomeka “am”. Sasa kiduara kile peke yake ni alama inayojitegemea, jina lake nikhahit, na mguu ule peke yake ni vokali inayojitegemea, sara aa, yaani “a” ya kuvuta. Ukiviweka pamoja unapata umbo lile lile la sara am. Hata hivyo Mthai akihesabu vokali zake, sara am ni moja, na kwenye kibodi ya kawaida ya Thailand, ile inayoitwa Kedmanee, ina kitufe chake: kilipo E kwenye kibodi yako.

Chukua น้ำ, sehemu ya mwanzo ya neno lako la uzito. Peke yake ni neno kamili, maana yake maji. Mteja wako akiwa Chanthaburi anabonyeza vitufe vitatu: O inatoa konsonanti น, H inatoa alama ya toni ้ (mai tho), E inatoa ำ. Kompyuta inahifadhi namba tatu za Unicode (orodha ya kimataifa inayoipa kila herufi namba yake) kwa mpangilio huo huo: U+0E19, U+0E49, U+0E33. Kwa hesabu ya kawaida ya kumi, ambayo ndiyo Excel itakuonyesha, ni 3609, 3657, 3635. Ukiongeza หนัก, yenye herufi nne, unapata 7. Kwa hiyo mstari wako wa 7 una uwezekano mkubwa wa kuwa mzima, na ule wa 8 ndio mgonjwa. Nasema “uwezekano” kwa sababu 7 nayo inaweza kudanganya, nitaeleza mbele.

Kwa nini basi kuwe na njia mbili? Hapo inabidi turudi kwenye mashine za taipu. Ya kwanza ya Kithai iliundwa na Edwin McFarland, Mmarekani aliyezaliwa Siam (jina la zamani la Thailand), kwa kushirikiana na kampuni ya Smith Premier ya Marekani, na ilitoka 1892. Vitufe havikumtosha, akaziacha konsonanti mbili, ฃ na ฅ. Watu wakazoea kuandika bila hizo na leo hazitumiki, ingawa bado zinahesabiwa kati ya konsonanti 44 na zina namba zao kwenye Unicode kama nyingine zote. Nalitaja hili kwa sababu watu hudhani kompyuta ndiyo ya kwanza kuingilia maandishi ya watu. Kitufe kilianza zamani.

Thailand ilipotengeneza kiwango chake cha kompyuta, TIS 620, mwaka 1986 na kukirekebisha 1990, kila herufi ilipewa baiti moja, kwa namna ambavyo mtu anaandika: unachobonyeza ndicho kinachohifadhiwa. Sara am ikapewa baiti yake, D3 kwa hesabu ya kumi na sita. Nikhahit ikapewa yake na sara aa yake. Unicode ilipokuja mwanzoni mwa miaka ya 1990 karibu haikubuni kitu kipya kwa Kithai, iliuchukua mpangilio wa TIS 620 kama ulivyo na kuuhamishia kwenye eneo linaloanzia U+0E00. D3 ikawa 0E33. Ulikuwa uamuzi wa busara: faili za zamani za serikali na benki ziliweza kubadilishwa kwa kujumlisha tu, bila kutafsiri chochote.

Tatizo likaja na kanuni nyingine ya Unicode. Herufi ikionekana kuwa imeundwa na nyingine, jedwali la Unicode huandika inavyoweza kuvunjwa. Mbele ya U+0E33 pameandikwa: inavunjika kuwa U+0E4D (nikhahit) na U+0E32 (sara aa). Uvunjaji wenyewe ni wa ile daraja ya pili, ya herufi “zinazokaribiana”, haumo kwenye daraja ya herufi zinazohesabiwa kuwa kitu kimoja. Tofauti hiyo inaonekana ya kimahakama, lakini ndiyo inayokuumiza, kwa hiyo nivumilie kidogo.

Kuna njia nne rasmi za kusawazisha maandishi ya Unicode, yaani kuyaleta yote kwenye umbo moja, zinaitwa NFC, NFD, NFKC na NFKD. Mbili za kwanza haziigusi sara am kabisa. Mbili zenye K huivunja. Na zikishaivunja hakuna ya kuirudisha: hata ukipitisha NFC baadaye, vipande vitabaki vipande. Mtu anayeandika programu ya “kusafisha” maandishi hupenda NFKC kwa sababu inafanya mambo mengi mazuri kwa mkupuo mmoja: tarakimu zilizowekwa ndani ya duara zinakuwa tarakimu za kawaida, herufi pana za Kijapani zinakuwa za kawaida. Kwa Kithai inavunja vokali moja ambayo inatokea karibu kila ukurasa.

Kuvunja peke yake kusingekuwa msiba. Msiba ni toni. Angalia tena น้ำ. Kwenye karatasi, ukianzia chini, kuna konsonanti, juu yake kiduara cha sara am, juu ya kiduara alama ya toni. Lakini kwenye kumbukumbu ya kompyuta toni inatangulia, sara am inafuata, kwa kuwa ndivyo ilivyochapwa. Programu inayochora herufi inajua siri hii. HarfBuzz kwa mfano, ambayo imo ndani ya Chrome, Firefox, Android na LibreOffice, ikikutana na ำ huivunja kwa siri wakati wa kuchora tu, inakipitisha kiduara nyuma ya toni ili kikae chini yake, kisha inachora. Data yenyewe haiguswi.

NFKC haina ujanja huo. Inabadilisha ำ kuwa ํ na า pale pale ilipo. Kwa hiyo konsonanti, toni, sara am inageuka konsonanti, toni, kiduara, mguu. Kiduara sasa kimekuja baada ya toni, na fonti nyingi zitakichora juu ya toni, kinyume kabisa na Mthai anavyoandika. Kwa saizi ndogo ya herufi za Excel, na kwa mtu asiyeisoma lugha, haionekani. Mwenyewe ataiona mara moja. Unicode ina utaratibu wa kupanga upya alama zinazorundikana, kila alama ikipewa daraja lake: toni za Kithai zina daraja 107, lakini nikhahit ina 0, na yenye 0 haihamishwi wala hairukwi. Kwa hiyo kosa linabaki lilivyo.

Kwa maoni yangu mstari ule wa jedwali uliandikwa na mtu aliyeitazama sara am ikiwa peke yake, bila toni. Ikiwa peke yake uvunjaji ni sahihi kabisa. Ila kuurekebisha leo haiwezekani, kwa sababu Unicode imeahidi kwamba maandishi yaliyokwisha kusawazishwa hayatabadilika katika toleo lolote lijalo. Ahadi hiyo ni ya lazima, maana nywila, saini za kidijitali na kanzidata nyingi zinaitegemea. Hata majina ya herufi hayabadiliki. Kwenye maandishi ya Kilao kuna herufi U+0EA3 ambayo ni “r”, lakini jina lake rasmi ni LO LING, kana kwamba ni “l”. Wote wanajua ni kosa, na kilichofanyika ni kuweka jina la pili pembeni.

Sasa turudi dukani kwako. Neno lako linaweza kuwa limekufikia katika sura nne:

- น, ้, ำ: toni kisha sara am. Hii ndiyo sahihi, jumla ya neno zima ni 7.
- น, ้, ํ, า: toni, kiduara, mguu. Hii ni alama ya vidole ya NFKC, jumla 8.
- น, ํ, ้, า: kiduara, toni, mguu. Jumla 8 pia, na kwenye skrini inaonekana safi kabisa.
- น, ำ, ้: sara am kisha toni. Jumla 7, ndiyo maana nilisema 7 inaweza kudanganya.

ทองคำ haina alama ya toni, kwa hiyo ina sura mbili tu, ya 5 na ya 6, na zote mbili zinachorwa sawasawa. Hata Mthai mwenyewe hataweza kukuambia ipi ni ipi kwa macho. Usijilaumu kwa kukuza skrini bure.

Kujua una sura gani, tumia kitendakazi cha UNICODE. Ukiwa na neno la uzito kwenye A2, andika =UNICODE(MID(A2,2,1)). Ukipata 3657, herufi ya pili ni toni, basi angalia ya tatu: 3635 ni salama, 3661 ni NFKC. Ukipata 3661 kwenye nafasi ya pili, ni ile sura ya tatu. Ukipata 3635 kwenye nafasi ya pili, mtu alitanguliza sara am.

Matokeo hayo yatakuambia pia uchafu umeingilia wapi, na hapa pana faida kuliko kusafisha kwenyewe. Sura ya tatu, kiduara kabla ya toni, mara nyingi inatoka kwenye PDF. Faili la PDF linahifadhi maumbo na mahali yanapokaa kwenye karatasi. Fonti imechora kiduara na mguu kama maumbo mawili, na wewe unaponakili, unanakili maumbo hayo kwa mpangilio yalivyopangwa, kiduara chini, toni juu. Kama wateja wako wanatuma ankara za PDF, nadhani tumeshamkamata mhusika. PDF za zamani zina balaa zaidi: fonti za Kithai za enzi zile zilikuwa na nakala za alama za toni zilizosogezwa kushoto au kushushwa chini, zikahifadhiwa kwenye eneo la matumizi binafsi la Unicode, kuanzia U+F700. Ukinakili unaweza kupata namba hizo badala ya toni halisi. Kwenye Excel zitaonekana kama namba kubwa za 63,000 na kitu. Ukiziona, usihangaike kuzitengeneza, mwombe mteja jedwali lenyewe badala ya PDF.

Sura ya pili inatoka kwenye programu. Pengine mfumo wenu wa stoo unasawazisha kwa NFKC unapopokea data, pengine unatumia tafsiri ya mashine. Programu iitwayo SentencePiece, ambayo hukatakata maandishi kabla ya kuyapeleka kwenye modeli za lugha, kwa chaguo lake la kawaida husawazisha kwa kanuni zilizojengwa juu ya NFKC. Modeli iliyolishwa sara am zilizovunjwa itakurudishia sara am zilizovunjwa. Muulize aliyewatengenezea mfumo swali moja: “Maandishi yanapoingia unayapitisha wapi?” Kama ana NFKC kwenye data inayohifadhiwa, aiondoe aweke NFC. NFKC ina mahali pake, kwenye faharasa ya kutafutia ambayo mtu haioni, ilimradi neno linalotafutwa nalo lipitishwe humo humo. Kuihifadhi kama ndiyo data yenyewe ni kuharibu maandishi ya mwenyewe.

Sura ya nne ni ya vidole. Mifumo ya Thailand ilishawekewa kanuni za kuzuia mpangilio mbovu wakati wa kuchapa, zinazojulikana kama WTT 2.0, lakini ukali wake unatofautiana, na simu nyingi huruhusu chochote.

Kusafisha ni hatua tatu, na mpangilio wake ni muhimu. Kwanza vuta toni mbele ya kiduara. Kwa mai tho, ambayo ndiyo iliyomo kwenye maji na uzito:

=SUBSTITUTE(A2,UNICHAR(3661)&UNICHAR(3657),UNICHAR(3657)&UNICHAR(3661))

Toni ziko nne, namba 3656 hadi 3659, kwa hiyo rudia kwa kila moja, ukibadilisha 3657 tu. Hatua hii inaifanya sura ya tatu ifanane na ya pili. Kisha unganisha kiduara na mguu:

=SUBSTITUTE(B2,UNICHAR(3661)&UNICHAR(3634),UNICHAR(3635))

Mwisho, palipo na 3635 ikifuatwa na toni, zigeuze ili toni itangulie. Ukianza na hatua ya pili kabla ya ya kwanza, sura ya tatu itakuponyoka, maana kati ya kiduara na mguu bado kuna toni imekaa. Kama kuna kijana anayewaandikia programu kwa Python, asitunge ya kwake: maktaba ya PyThaiNLP ina kitendakazi cha normalize kinachofanya kazi hii pamoja na nyingine za aina yake.

Kuna jaribu moja nakukataza. Usifute nikhahit zote kwenye faili ukidhani ni takataka. Kipali, lugha ya vitabu vya dini ya Kibudha, huandikwa kwa herufi za Kithai, na humo kiduara kikisimama peke yake ni sauti halali. Majina ya mahekalu na semi za dini hutokea hata kwenye anwani na kadi za biashara. Kiguse pale tu kinapofuatwa na sara aa, au toni kisha sara aa.

Ukiwa bado na kalamu mkononi, safisha na แ. Neno แหวน (pete), ambalo kwa duka la vito lazima mnalo, huanza na vokali แ, namba 3649. Kuna watu wanaibonyeza เ mara mbili, namba 3648 na 3648, wakapata เเหวน. Tazama hayo mawili: kwenye fonti nyingi ni pacha. Hapa hata NFKC haisaidii wala haiharibu, Unicode haina habari kwamba yanafanana. Badilisha tu: 3648 mbili zilizofuatana ziwe 3649 moja.

Kuhesabu nako kuna mtego, na hili litakuhusu mkichapisha vibandiko vyenye nafasi ya idadi fulani ya herufi. น้ำ iliyo sahihi ni namba tatu, baiti 9 kwa UTF-8 (namna ya kawaida ya kuhifadhi Unicode kwenye faili), lakini Unicode inaihesabu kuwa herufi moja ya mtumiaji, kwa sababu sara am imetajwa kwa namba yake kwenye kanuni za kukata herufi kwamba ishikamane na iliyotangulia. Ikivunjwa na NFKC inakuwa namba nne, baiti 12, na herufi za mtumiaji zinakuwa mbili, maana mguu ule, sara aa, kanuni haizuii kutenganishwa. Programu inayokata neno refu inaweza kuuacha mguu unaning’inia mstari wa pili. Tena Kithai hakiachi nafasi kati ya maneno, programu hutumia kamusi kujua neno linaishia wapi ili ivunje mstari, na kamusi ina น้ำ nzima. Ya vipande haimo, hivyo mstari huvunjika popote.

Usije ukadhani vipande ni haramu kila mahali. Kwenye anwani za tovuti mambo yamegeuka. Thailand ina kikoa chake kwa herufi zake, .ไทย, na kanuni za anwani za kimataifa zinakataa herufi yoyote ambayo NFKC ingeibadilisha. Kwa hiyo U+0E33 hairuhusiwi humo. Mtu akichapa ำ kwenye kivinjari, kivinjari huigeuza kuwa ํ na า kabla ya kwenda kuitafuta. Ukinakili anwani ya mteja ikawa na vipande, iache hivyo hivyo. Safu ya anwani za tovuti usiipitishe kwenye zile fomula.

Laos, kwa jirani, ugonjwa ni huo huo na umekomaa zaidi. Wana ຳ yao, U+0EB3, nayo huvunjika kuwa viwili kwa kanuni ile ile, ila huko kuandika vipande viwili moja kwa moja ni jambo la kawaida, utakuta ນ້ຳ na ນ້ໍາ kwenye ukurasa mmoja. Mkipata mteja wa Vientiane, namba zenu zitakuwa 3789 (kiduara), 3762 (mguu) na 3763 (herufi nzima).

Kiswahili nacho hakijasalimika. Andika ng'ombe kwenye Excel na ng’ombe kwenye programu ya uandishi. Ya kwanza ina kitone cha namba 39, ya pili 8217, kwa kuwa programu nyingi za uandishi hugeuza kitone hicho kuwa kilichopinda bila kukuuliza. LEN inasema 7 kote kuwili, na anayetafuta moja hapati nyingine. Orodha yenu ya wafanyakazi ikiwa na mtu wa Ng'ambo au Ng'wanza, jaribu kumtafuta kwa njia zote mbili uone. Wanaohifadhi hati za kale za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu wanapambana na kaf mbili, U+0643 na U+06A9, ambazo zinapokuwa katikati ya neno hazitofautiki kwa macho. Kila mwandiko una ำ yake.

Kuhusu kupanga wateja kwa alfabeti, maana najua litafuata: usizipange kwa namba za Unicode. Kithai huhifadhiwa kwa mpangilio wa macho, kushoto kwenda kulia, kwa hiyo vokali kama เ, แ na โ hutangulia konsonanti hata kwenye kumbukumbu. Kikhmer na Kiburma hawafanyi hivyo, wao huhifadhi konsonanti kwanza. Unicode 1.0 ilijaribu kuwapa Wathai seti ya pili ya vokali za kuhifadhiwa kwa mpangilio wa sauti. Ziliondolewa mapema kabla hazijazoeleka. Na Kitai Lue kipya cha kusini mwa China kilihama kabisa kutoka mpangilio wa sauti kwenda wa macho mwaka 2015, katika Unicode 8.0, kwa sababu watu walikuwa tayari wanaandika hivyo. Kwako maana yake ni hii: kamusi ya Kithai huweka เงิน (fedha) chini ya ง, lakini upangaji wa namba utaitupa mwisho kabisa, baada ya konsonanti zote. Chagua lugha ya Kithai kwenye mpangilio wa kanzidata, itajua yenyewe.

Kabla hujaanza kusafisha, ongeza safu mpya pembeni ya ile ya zamani na uweke matokeo humo, usiandike juu ya data ya mteja. Pima LEN ya zote mbili. Mistari ambayo urefu umepungua kwa moja kwa kila ำ ndiyo iliyopona. Ambayo urefu haukubadilika lakini EXACT (kitendakazi cha kulinganisha) inasema si sawa, hiyo ni ile sura ya nne, toni imehamishwa. Ambayo bado ina 3661 ndani yake baada ya hatua zote tatu ni Kipali au ni jambo ambalo hatukulitarajia; hizo ziwe chache, mtumie mteja mwenyewe azitazame kabla ya kuzigusa. Na mwambie, kwa heshima, kwamba safari ijayo mngependa faili la Excel badala ya PDF.